Nilitolewa kwenye nyumba mwaka 2019. Mwajiri mpya atalijua hili?

Shikamoo mshauri,

Nina miaka 34, mama wa mtoto mmoja. Kwetu ni Tanga, ila naishi Minnesota tangu 2016. Nakuandikia saa nane usiku nikiwa zamu, wazee wamelala, kwa hiyo nisamehe nikirukaruka.

Juni 2018 mimi na binamu yangu tulipanga fleti ya vyumba viwili Brooklyn Park. Kodi ilikuwa dola 1,150 kwa mwezi, kila mtu nusu, na majina yetu yote mawili yakaandikwa kwenye mkataba. Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Agosti 2019 binamu akaacha kazi, ikawa kila siku ni kesho, keshokutwa. Mimi 575 zangu ninazo mkononi, lakini meneja akakataa kupokea nusu. Alisema kodi ni moja, hajui habari za nusu. Septemba ikawa vilevile. Siku moja natoka kazini nakuta karatasi ya mahakama mlangoni.

Siku ya kesi nilikuwa na zamu na niliogopa kuomba ruhusa. Binamu alisema ataenda yeye. Hakwenda. Hakimu akatoa amri tuondoke. Tulihama Oktoba 2019, siku mbili kabla ya sherifu kuja. Binamu akaelekea Texas, mimi nikapokelewa na mama mkubwa huko Saint Paul.

Mwaka 2020 nilipata kazi ya kuhudumia wazee. Walinichukua alama za vidole, nikapita, mpaka leo sijui waliikosaje ile kesi. Mwaka 2021 wakusanya madeni wakaanza kunipigia wakidai dola 2,870. Nikabadilisha namba. Mwaka huohuo niliolewa. Mwaka 2022 nilitafuta jina langu kwenye tovuti ya mahakama nikalikuta pale, limeandikwa wazi kwamba nimefukuzwa. Sijathubutu kuangalia tena.

Nimesoma uhasibu jioni kwa miaka miwili na mwezi uliopita nimepewa kazi ya karani wa malipo kwenye kampuni ya usambazaji, dola 54,000 kwa mwaka. Kazi ya mchana! Lakini ni kwa masharti kwamba uchunguzi wa historia yangu uwe safi. Fomu nilijaza kwenye simu, kurasa kama sita, nabonyeza tu. Walipouliza anuani zote za miaka 7, nikaogopa. Ile ya Brooklyn Park sikuiandika. Nikaandika kwamba tangu 2018 nilikuwa kwa mama mkubwa Saint Paul. Chini nikaweka sahihi kwamba yote ni kweli.

Sasa silali. Barua pepe inasema uchunguzi utachukua siku 7 hadi 10. Mama mkubwa ananiambia funika kombe mwanaharamu apite, nikijisemea mwenyewe nitajichongea. Rafiki yangu ananiambia nimwambie mwajiri kila kitu kabla hajakiona. Na mume wangu hajui lolote kuhusu kesi hii. Anajua nilikuwa nakaa na binamu, basi. Tena ameanza kuzungumzia kununua nyumba.

Je, mwajiri ataiona kesi? Niseme au ninyamaze? Na huu mzigo nitaubeba mpaka lini wakati aliyeacha kulipa si mimi?

Asiyelala, Minnesota (jina limehifadhiwa)

*

Marahaba, binti yangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nikagundua imebeba mambo manne yaliyofungwa kwenye furushi moja: kesi ya nyumba, deni la dola 2,870, anuani uliyoiacha, na mume wako. Wewe unaogopa zaidi lile la kwanza. Mimi lililonisimamisha ni la tatu.

Tuanze na swali lako la alama za vidole, kwa sababu ndani yake mna jibu la nusu ya barua. Unasema hujui waliikosaje. Hawakuikosa, hawakuwa wanaitafuta. Uchunguzi wa wanaohudumia wazee Minnesota, ule unaopitia idara ya huduma za jamii ya jimbo, hutazama makosa ya jinai na kumbukumbu za watu waliowatesa au kuwatelekeza wagonjwa. Kesi ya kufukuzwa nyumba ni ya madai. Hukushtakiwa kwa kosa, hukutiwa hatiani. Fomu ikikuuliza kama umewahi kutiwa hatiani, jibu lako la kweli ni hapana, na unalijibu bila kutetemeka. Ila kuna fomu chache, hasa za kazi za fedha, zinazouliza kama umewahi kutolewa hukumu ya madai. Ulibonyeza tu, kwa hiyo hujui uliulizwa nini. Ingia kwenye akaunti uliyojazia, pakua nakala ya majibu yako, usome neno kwa neno. Kama nakala haipo, iombe. Mengi ya hapa chini yanategemea karatasi hiyo.

Sasa, mwajiri anaponunua uchunguzi huwa ananunua vipande. Kipande cha kwanza karibu kila mara ni ufuatiliaji wa namba yako ya hifadhi ya jamii, unaotoa orodha ya majina na anuani zilizowahi kuambatana na namba hiyo. Kazi ya orodha hiyo ni kuwaonyesha wachunguzi waende mahakama za kaunti zipi. Cha pili ni rekodi za jinai kwenye kaunti hizo. Kisha huja uthibitisho wa kazi na masomo. Kwa mtu atakayeshika malipo ya kampuni, kama wewe, huenda wakaongeza ripoti ya mikopo. Yapo majimbo yanayombana mwajiri asiitazame ripoti hiyo kwa kazi nyingi, mathalani Illinois na California, lakini Minnesota haimo. Upekuzi wa kesi za madai upo pia, ila ni wa kulipiwa peke yake, na waajiri wengi huuacha kwa kazi za ngazi ya ukarani. Siwezi kukuapia kwamba wako ameuacha.

Ile ripoti ambayo wenye nyumba huagiza kabla ya kukupangisha, yenye safu nzima ya kesi za kufukuzwa, ni bidhaa nyingine kabisa. Watu huzichanganya hizi mbili na hofu nyingi hutokea hapo.

Kwenye ripoti ya mikopo, hukumu yenyewe ya kukutoa haitakuwepo. Tangu Julai 2017 kampuni tatu kubwa, yaani Equifax, Experian na TransUnion, zimeondoa hukumu za madai kwenye ripoti zao. Kinachoweza kukaa pale ni lile deni, likiwa limeandikwa kwa jina la wakusanya madeni. Deni la namna hiyo hukaa takriban miaka 7 tangu malipo ya kwanza yaliyokosekana, kwa hiyo lako, lililoanza Agosti 2019, lina miezi tu ya kuishi humo hata usipofanya kitu. Usikisie kama lipo. Fungua AnnualCreditReport.com, chukua ripoti zote tatu. Ni bure na unaweza kurudia kila wiki. Pata pia faraja ndogo kwamba ripoti anayouziwa mwajiri haina ile alama ya mikopo ambayo watu huisumbukia.

Turudi kwenye ile tovuti uliyoikimbia mwaka 2022. Tangu uifunge, sheria imebadilika. Kuanzia 1 Januari 2024 sheria ya Minnesota inaiamuru mahakama iondoe hadharani faili la kesi ya kufukuzwa nyumba miaka 3 baada ya amri kutolewa, bila mpangaji kuomba. Ya kwako ilitolewa Oktoba 2019. Kwa hesabu hiyo faili lako halipaswi kuonekana tena, na inawezekana umekesha usiku mwingi kwa ajili ya ukurasa ambao haupo.

Nimesema inawezekana, kwa sababu mahakama ni ofisi ya watu na mafaili ya zamani ni mengi. Ingia Minnesota Court Records Online, wenyeji huiita MCRO. Tafuta jina lako kama lilivyo kwenye mkataba wa nyumba, kisha uligeuze, jina la baba mbele na la kwako nyuma, kisha jaribu tahajia yoyote mbovu ambayo meneja aliwahi kukuandikia. Majina yetu hupinduliwa sana kwenye mikataba. Tafuta kesi ya nyumba, halafu utafute pia hukumu ya fedha, kwa maana hizi ni mbili. Minnesota, amri ya kukutoa haibebi kodi ya nyuma. Mwenye nyumba akitaka hela zake anafungua dai jingine, mara nyingi kwenye mahakama ya madai madogo. Kama alifungua na akashinda bila wewe kujua, hukumu hiyo ya fedha huishi miaka 10, na ile sheria ya miaka 3 haiigusi.

Ukilikuta faili la nyumba bado liko wazi, piga simu HOME Line, wanatoa ushauri wa sheria bure kwa wapangaji wa Minnesota, uwaulize kuhusu kuiomba mahakama iliondoe. Fomu za maombi zipo kwenye tovuti ya mahakama za jimbo, na iko fomu ya kuomba kusamehewa ada kwa wenye kipato kidogo. Hennepin, kaunti iliyomo Brooklyn Park, wana mahakama yao ya nyumba, kwa hiyo uliza karani wa huko hukohuko. Usipolikuta, hujamaliza bado. Muulize karani, ukiwa na kitambulisho na namba ya kesi, kama unaweza kupata nakala ya amri ya kuliondoa. Wengi hufurahi kuona ukurasa mtupu, wakaacha kuitafuta karatasi hiyo, na siku wanapoihitaji hawana cha kuonyesha. Utaihitaji kwa sababu kampuni za uchunguzi hukusanya rekodi za mahakama kwa mafungu na kuzihifadhi kwenye hazina zao. Mahakama inaweza kulifunga faili leo, na nakala iliyochukuliwa 2020 ikaendelea kukaa kwenye kompyuta ya mtu mwingine bila kuguswa. Hapo ndipo kesi zilizokufa hufufukia.

(Wanaotusoma Dallas au Columbus, tafadhali msiichukue hii miaka 3 mkaenda nayo kwa makarani wenu. Ni ya Minnesota. Kila jimbo lina ya kwake, na mengine hayana chochote.)

Juu ya sheria ya jimbo kuna ya shirikisho, ya mwaka 1970, inayosimamia ripoti za namna hii na inayojulikana kwa herufi FCRA. Kwa kazi yenye mshahara wa chini ya dola 75,000 kwa mwaka, kampuni ya uchunguzi kwa kawaida hairuhusiwi kuripoti hukumu ya madai iliyopita miaka 7 tangu iingizwe. Wewe uko kwenye 54,000, basi kinga hiyo inakuhusu, ila yako inatimia Oktoba 2026. Katika miezi hii ya katikati unategemea zaidi ile ya jimbo.

Na ikitokea wameipata, wakataka kukunyima kazi kwa sababu yake, hawawezi kukutumia tu barua ya pole. Kabla ya kuamua, mwajiri lazima akupe nakala ya ripoti yenyewe pamoja na maelezo ya haki zako, halafu akuachie muda wa kujibu. Sheria haikutaja idadi ya siku, wengi huacha kama siku 5 za kazi. Pingamizi unalipeleka kwa kampuni iliyoandika ripoti, kwa maandishi, ukiambatanisha karatasi ya mahakama. Wana siku 30 za kuchunguza upya, zinaweza kufika 45 ukiongeza ushahidi katikati. Utaona tatizo lilipo: siku 5 kwa siku 30. Mwajiri halazimiki kukushikia nafasi muda wote huo. Ndiyo maana siku hiyohiyo unayopeleka pingamizi unamwandikia na ofisa wa ajira, mistari mitatu: ripoti ina kosa, nimelipinga, amri ya mahakama hii hapa. Mwenye karatasi tayari anaweza kujibu saa ileile. Asiye nayo anaanza kumtafuta karani huku siku zinakwenda.

Jambo jingine dogo ambalo huenda ulilipita ukibonyeza. Minnesota fomu ya ridhaa huwa na kisanduku cha kuweka tiki kama unataka nakala ya ripoti yako. Kama hukukitia tiki, waandikie leo uiombe. Ukiwa na ripoti utajua kama jina limechanganywa na la mtu mwingine, jambo linalotupata sana sisi wenye majina yanayorudiwa, na linawapata zaidi ndugu zetu waliotoka kambi za wakimbizi, ambao wengi wao waliandikiwa wamezaliwa Januari mosi.

Sasa ile anuani.

Uliificha ili kesi isionekane. Lakini angalia ulivyofanya: Saint Paul iko kaunti ya Ramsey, Brooklyn Park iko Hennepin, na ule ufuatiliaji wa namba ya hifadhi ya jamii kuna uwezekano mkubwa ukaitoa ile ya Brooklyn Park wenyewe, kwa sababu uliwahi kupokea bili pale. Kampuni nyingi zikiona anuani isiyotajwa huiongeza tu kwenye orodha na kuendelea, bila kelele. Nyingine huandika pembeni kwamba mwombaji hakuitaja. Kesi ya kodi ya mwaka 2019 ni jambo ambalo mwajiri mwenye akili timamu anaweza kulisamehe kabla ya chai ya saa nne. Sahihi chini ya maelezo yasiyo kweli, kwa mtu atakayeidhinisha malipo, ni habari nyingine, na haina ile miaka 7. Inaweza kuibuliwa hata baada ya miaka miwili kazini ikawa sababu ya kukuachisha.

Kwa hiyo naona kama mama mkubwa na rafiki yako wanabishania kitu kimoja wakati viko viwili. Kutaja anuani uliyoulizwa si sawa na kutangaza kesi ambayo huenda hukuulizwa. Unaweza kufanya la kwanza bila la pili. Ujumbe mmoja kwa ofisa wa ajira, usio na machozi: nimepitia fomu yangu na nimeona nimekosea anuani, Juni 2018 hadi Oktoba 2019 niliishi Brooklyn Park, kisha nikahamia Saint Paul, tafadhali sahihisheni. Hatari yake ni kwamba anaweza kuuliza kwa nini uliiacha. Andaa jibu la kweli, fupi, ambalo uko tayari kusimama nalo. Usibuni jingine, maana utakuwa unafunika kombe kwa kombe. Hatari nyingine ni kwamba unawapeleka Hennepin kwa mkono wako. Ndiyo, lakini huko, kwa upande wa jinai, huna kitu.

Njia ya mama mkubwa, kunyamaza kabisa, ina watu wengi walioipita salama na sitakudanganya kwamba hawapo. Gharama yake ni kwamba hutajua lini umevuka. Njia ya rafiki yako, kusema yote mapema, ina uzuri kwamba unayasimulia wewe kwa maneno yako: mpangaji mwenzangu aliacha kulipa, mkataba ulikuwa wa pamoja, nikahama. Ubaya wake ni kwamba unaweza kumpa mwajiri habari ambayo asingeiona, na ambayo sheria ya jimbo imeshaiondoa machoni pa watu kwa makusudi. Kilichosemwa hakirudi. Nadhani ingefaa usichague kati ya hizi kabla hujaiangalia MCRO na nakala ya fomu yako, kwa sababu majibu ya sehemu hizo mbili yanaweza kuipindua hesabu yote. Kazi hiyo haizidi saa moja. Ukiona mikono inatetemeka, kaa na mtu.

Kuhusu deni, polepole. Usiwapigie wakusanya madeni usiku wa leo kwa sababu ya hofu, na usilipe hata dola moja wala kukiri kwa maandishi kabla hujaongea na mwanasheria wa bure. Muda wa kushtaki kwa mkataba Minnesota ni miaka 6, na wako uko pale pale ukingoni au umeshapita, kutegemea tarehe wanayohesabia. Waambie wakuletee mchanganuo kwa maandishi. Miezi miwili ya kodi ni 2,300. Hiyo 570 iliyobaki ni nini? Faini za kuchelewa Minnesota zina ukomo wa asilimia 8 ya kodi iliyochelewa, kwa hiyo miezi miwili haiwezi kuzidi dola 184. Na amana uliyotoa mlipoingia imekwenda wapi? Mwenye nyumba alipaswa kuirudisha au kueleza kwa maandishi ameikata kwa sababu gani ndani ya wiki 3 tangu mlipohama na kumwachia anuani mpya. Kama mlihama kimya, na hili wapangaji wengi hulifanya, hoja hiyo inapungua nguvu. Lakini uliza.

Unasema aliyeacha kulipa si wewe. Nakuamini, na naelewa inavyouma kuwa na pesa yako mkononi ikakataliwa. Ila mkataba wa majina mawili hausemi nusu kwa nusu. Kila mmoja anadaiwa yote, na meneja anaweza kukataa sehemu. Mahakama haikupima nani mwema kati yenu, na siku ile hapakuwa na mtu wa kuieleza. Unaweza kumdai binamu nusu yake kama ndugu, au kisheria, au usimdai. Lakini usiingoje hasira hiyo iishe ndipo ushughulikie karatasi, kwa kuwa karatasi zina tarehe.

Mume wako nimemwacha mwisho, na wala si kwa udogo wake. Niliposoma kwamba hajui, nilijiuliza unaogopa nini hasa. Kwamba atakuona hukulipa kodi? Kwamba atauliza kwa nini ulikaa kimya tangu 2021? Hayo ni maswali mawili tofauti, na la pili huongezeka uzito kila mwaka. Wewe ndiwe unayemjua. Sijui ni mtu wa kuzungumza naye jioni mtoto akilala, au wa kuandikiwa kwanza. Ninachoweza kukuonyesha ni milango ambayo habari hii inaweza kuingilia bila wewe. Nakala za ripoti huja kwa posta, na bahasha zitakuwa na jina lako kwenye sanduku mnalofungua wote. Mkienda kuomba mkopo wa nyumba pamoja, benki itavuta ripoti za wote wawili na mnaweza kuketi meza moja mkisomewa. Deni likiwa bado lipo, atalisikia kwa mgeni. Kusubiri majibu ya MCRO ndipo umwambie ukiwa na habari kamili kunaeleweka, siku mbili tatu hazina neno. Kungoja mpaka benki, hapo ningekuuliza tena unaogopa nini.

Tuandikie ulichokikuta, hata kama ni ukurasa mtupu. Na bahasha ya kampuni ya uchunguzi ikifika kabla hujatuandikia, anza na tarehe iliyo juu, uizungushie kalamu, ndipo usome yaliyo ndani. Siku zako 5 huenda zimeshaanza kuhesabiwa tangu hapo, kabla bahasha haijakufikia mkononi.